Kufunga injini ya 200Tdi kwenye Land Rover ya petroli: jibu kwa msomaji wa Njoro

Msomaji wetu wa Njoro ana Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Anabebea viazi na maziwa hadi Nakuru, na kila lita inampeleka kilomita 5 tu. Amepata injini ya dizeli ya 200Tdi iliyotolewa kwenye Land Rover Discovery iliyogongwa. Fundi wake anamwambia aiache, achukue 3L ya Toyota Hiace kwa kuwa spea zake ziko kila duka. Kazi anataka kuifanya mwenyewe nyumbani. Anauliza achague ipi, na aanzie wapi.

Ndugu yangu, chukua 200Tdi, mradi ipite vipimo nitakavyokupa hapa chini. Fundi wako hajakosea kuhusu 3L. Ni injini ngumu ya cc 2,779, haina tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), na mafundi wa matatu wanaifungua hata gizani. Tatizo ni kile inachoshikana nacho. Giaboksi ya Hiace ya kawaida huendesha magurudumu ya nyuma peke yake, haina transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiifunga injini pamoja na giaboksi yake, umepoteza magurudumu ya mbele, na barabara za Njoro wakati wa mvua unazijua. Ukibaki na giaboksi ya Land Rover, itabidi uchongewe adapta kwenye lezi (mashine ya kuchonga chuma), nayo iweke shafti ya giaboksi katikati kabisa ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini. Kosa la nusu milimita tu hapo linakula beringi ya giaboksi na sahani ya klachi ndani ya miezi michache, na wewe utabaki ukilaumu klachi.

Bloki ya 200Tdi ni mjukuu wa hiyo 2.25 uliyo nayo. Imepanuliwa hadi cc 2,495 na kupewa hedi ya aluminiamu na tabo, lakini mgongo wake, pale inaposhikana na hausingi ya flaiwili (kifuniko cha gurudumu zito lililo nyuma ya krenki), ni wa ukoo uleule. Hausingi yako ya zamani inaikubali. Kwa hiyo giaboksi haisogei, propela shafti hazikatwi, na leva za gia zinabaki mahali pake. Kazi ya nyumbani huisha au hukwama kwa sababu ya mambo kama hayo.

Jambo la pili ni urefu wa nchi yetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Molo unafika karibu 2,500. Nakuru hewa ina uzito wa asilimia 83 hivi ya ile ya Mombasa; Molo ni kama 78. Injini isiyo na tabo inapungukiwa hewa kwa kiasi hichohicho, na pampu ikiendelea kumwaga dizeli ileile, ziada inatoka moshi mweusi. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoivua tabo ya 200Tdi ili kurahisisha ufungaji. Pwani inaweza kuvumilika. Huku kwetu, gari lenye magunia ya viazi litapanda mlima kwa gia ya pili.

Kabla ya kulipa, isikilize injini ikiwaka. Hata kama imelala chini, inaweza kuwashwa ikiwa kwenye fremu, na betri, mtungi wa dizeli na ndoo ya maji vikiwa karibu. Iwashwe ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika anakuficha kitu. Moshi mweupe unaoendelea baada ya dakika moja au mbili ni nozeli, hita plagi au kompresheni. Wa buluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza: kikitikisika tu ni sawa, kikirushwa na pumzi ni ringi au silinda. Chomoa bomba la hewa la tabo na ushike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Kucheza kwa kuingia na kutoka, au kisu cha feni kuwa kimegusa ukuta, maana yake tabo imekwisha. Hedi ya 200Tdi haipendi joto kali, basi tazama kama maji yanatoa mapovu mfululizo au kama kijiti cha oili kina utelezi wa rangi ya maziwa. Injini ya gari lililogongwa kwa mbele inaweza kuwa ilizunguka bila maji kwa dakika kadhaa kabla ya mtu kuizima.

Nunua na vikorokoro vyake vyote: stata, alteneta, pampu ya vakiamu, intakula (kipoza hewa ya tabo), kipoza oili, rejeta, mabomba yake, kishikio cha filta ya dizeli, hata klipu. Kitu kimoja kimoja baadaye kitakugharimu kuliko injini.

Sasa mkanda wa taimingi, ule unaofungamanisha krenki, valvu na pampu ya dizeli. Ubadilishe injini ikiwa bado chini, pamoja na tenshena (kikaza mkanda) na puli yake, na fanya hivyo KABLA hujatoa hausingi ya flaiwili ya Discovery. Tundu la kuingizia pini ya kufungia flaiwili liko chini ya hausingi ile. Ukiweka hausingi ya Series kwanza, umepoteza alama ya silinda ya kwanza ikiwa juu, nawe utaanza kubahatisha. Puli ya pampu ya dizeli nayo hufungwa kwa pini ya milimita 9.5, na ncha ya nyuma ya kijiti cha drili cha kipimo hicho inatosha. Ukishakaza, toa pini na uzungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha jaribu kuingiza pini tena. Zisipoingia zote, rudia. Hii ni injini ambayo pistoni hugonga valvu mkanda ukikatika au ukiruka, na vumbi la huku linaumaliza mapema. Usiuache upite kilomita 60,000. Ukiwa hapohapo, pima valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.20, za kuingiza na za kutoa.

Kabla ya kuondoa hausingi, piga alama yako mwenyewe kwa patasi kwenye puli ya mbele na kwenye kifuniko. Utaihitaji siku nyingine.

Hausingi ya Series ikishaingia kwenye bloki, weka flaiwili ya dizeli na stata ya dizeli na ujaribu meno yao kwa mkono. Stata ya petroli haitoshi: kompresheni ya 200Tdi ni 19.5 kwa 1, na meno ya ringi lazima yawe jozi na ya stata. Sahani ya klachi ni ile inayoingia kwenye splaini (meno ya shafti) za giaboksi yako, ya inchi 9.5. Matundu ya kava yake yasipolingana na ya flaiwili, peleka flaiwili kwa fundi wa lezi aitoboe na kuipima mizani. Usiitoboe kwa drili ya mkono. Flaiwili isiyo na mizani itakutetemesha mwili mzima ukifika mizunguko 2,500.

Kitu kidogo kinachosahaulika zaidi katika kazi hii yote kinaenea kwenye kiganja: bushi ya shaba iliyo katikati ya mgongo wa krenki, ambamo ncha ya shafti ya giaboksi huzunguka. Bushi ya Discovery imetengenezewa giaboksi nyingine. Pima ncha ya shafti yako kwa kalipa, pima tundu la bushi, na uweke bushi inayolingana. Ilaze kwenye oili usiku kucha kwanza. Kisha, bila kufunga injini, ivalishe bushi kwenye ncha ya shafti kwa mkono. Iteleze na kuzunguka bila kukwama, na isichezecheze.

Kuinua, tumia cheni bloki ya tani 1 kwenye miguu mitatu ya chuma au fremu ya mabomba mazito. Injini ina zaidi ya kilo 200. Tawi la mti halifai, hata liwe nene namna gani, kwa sababu utakuwa umeinama chini ya injini kwa saa nzima ukitafuta mstari. Toa bonneti, grili na paneli ya mbele yote. Dakika 40 za kazi hiyo zitakuokolea nusu siku.

Wakati wa kuunganisha, injini isogee nyuma hadi ikutane na giaboksi kwa kusukumwa na mikono tu. Ikisimama ikiwa imebakiza sentimita moja au mbili, shafti haijaingia kwenye splaini au kwenye bushi. Weka gari gia, mtu mmoja azungushe krenki taratibu kwa spana kutoka mbele huku mwingine akisukuma. Itaingia kwa sauti ya "tok". Usivute pengo hilo kwa kukaza bolti. Hapo ndipo masikio ya hausingi hukatika na sahani ya klachi hupinda, na lawama humwangukia muuzaji wa sahani.

Maunti zako za Series zitumie kwa kuanzia, lakini fahamu jambo hili kuhusu injini ya Discovery: tabo yake inakaa chini, na upande wa ekzosi inagombana na kishikio cha injini kwenye chesi. Kwenye Defender tabo ileile imewekwa juu. Una njia mbili. Ukipata manifoldi za Defender, zifunge na tatizo limekwisha. Usipozipata, kata kishikio cha chesi na ukichomelee upya kikiwa kimesogezwa, kwa bamba la milimita 6. Kwanza injini iwe imekaa kwenye giaboksi na imesawazishwa, uchomelee kwa vidonda vidogo vya kushikiza, uishushe injini ione mahali pake, ndipo umalizie. Tenganisha alteneta na betri kabla ya kuchomelea chochote. Acha angalau sentimita 2 kati ya tabo na chesi, kwa maana injini ya dizeli hucheza sana inapozimwa. Bomba la ekzosi linyooke na liwe pana, inchi 2 na nusu.

Joto ni suala la kuamua mapema. Rejeta ya Discovery, na intakula na kipoza oili kila upande, ni pana kuliko nafasi iliyo kati ya taa zako. Wengi hukata tamaa hapo, wakarudisha rejeta ya zamani, wakaacha intakula na kuziba bomba za oili. Kwa gari la kwenda kanisani Jumapili linaweza kukaa. Kwa lako lenye mzigo kwenye mwinuko, hapana. Kata fremu ya mbele, isogeze rejeta mbele kidogo, hata ikibidi grili itokeze. Usipoweza kabisa kuweka intakula, basi mpe fundi wa pampu apunguze dizeli ya mzigo mkubwa. Na hata ukiwa nayo, usikubali mtu akuongezee kwa skrubu ya nyuma ya pampu ili gari "lichangamke". Joto la ekzosi hupanda, na hedi ndiyo inayolipa. Ndani weka kulanti nusu kwa nusu na maji ya mvua. Maji ya visima vya huku Bonde la Ufa yana chumvi nyingi, na yanaacha ukoko mweupe ndani ya vijia vya rejeta.

Pampu ya usukani ya Discovery huna haja nayo. Ila kabla ya kuitoa, fuata mkanda kwa kidole uone pampu ya maji inazungushwa na nini, ndipo uamue urefu wa mkanda mpya.

Tangi la petroli limwage, lioshe kwa dizeli kidogo mara mbili, liache wazi juani siku nzima. Tangi hilo lisiguswe na moto wa kuchomelea kamwe, hata kama lina mwaka halijatiwa mafuta. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo unatosha kulipasua. Dizeli inahitaji bomba la kurudishia mafuta kutoka kwenye nozeli na pampu, ambalo gari lako halina. Toboa bamba la geji ya mafuta ukiwa umelitoa nje ya tangi, ufunge kiungio cha nati na washa za shaba, na bomba lishuke hadi karibu na chini ili mafuta yasirudi yakitoa povu. Weka chombo cha kutenganisha maji kabla ya filta. Pampu ya Bosch VE haina oili yake. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ndiyo sababu dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huiua polepole. Mchezo huo ulienea nchini hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuvunja. Nunua kwenye kituo kinachouza sana.

Busta ya breki (kisaidizi cha pedali) ya gari la petroli hunyonya vakiamu, yaani mvuto wa hewa, kutoka kwenye manifoldi. Dizeli haina vakiamu hapo. 200Tdi ina pampu yake ubavuni mwa bloki, inayosukumwa na kamshafti. Unganisha bomba lake na busta kupitia valvu ya njia moja. Kupima: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano sita hadi pedali iwe ngumu, ishikilie hivyohivyo, washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usitoke getini. Mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa umechukua watu wengi mno kwa breki.

Umeme ni mwepesi. Waya uliokuwa unakwenda kwenye koili ya petroli sasa unakwenda kwenye solenoidi ya pampu (valvu ya umeme inayokata dizeli). Swichi ikiwa imewashwa dizeli inapita, ukiizima inakatika na injini inazimika. Hita plagi nne ziunganishwe sambamba kwa volti 12, kupitia rilei nzito ya ampea 70 na waya mnene wa milimita za mraba 10 kutoka betri, ukiwa na fyuzi yake. Zikiwashwa huvuta ampea nyingi kuliko taa zote za gari kwa pamoja, kwa hiyo usizipitishe kwenye swichi ya ufunguo. Kitufe cha kubonyeza kwa sekunde 10 kinatosha. Betri iwe N70, isipungue hapo. Asubuhi za baridi za Mau Summit haziwaonei huruma wenye N50.

Siku ya kuwasha, weka oili ya 15W-40, lita 6 na nusu hivi pamoja na filta, kisha kijiti kiamue. Jaza kikombe kimoja cha oili safi kwenye bomba la oili linaloingia juu ya tabo. Chomoa waya wa solenoidi na uzungushe stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izimike. Tabo ikizungushwa kavu mara moja inatosha kuumia. Rudisha waya. Piga pampu ya mkono ya dizeli huku skrubu ya filta ikiwa wazi hadi mapovu yaishe. Legeza nati za nozeli, spana ya 17, zungusha stata hadi dizeli itoke, kaza moja baada ya nyingine. Itaanza kwa silinda mbili, itatikisika, kisha itashika zote.

Uwe na kipande cha mbao bapa mkononi kinachoziba mdomo wa bomba la hewa lote. Injini ya dizeli ikivuta oili yake kupitia tabo mbovu hukimbia yenyewe, ufunguo hauizimi, na kinachoiokoa ni kunyimwa hewa. Zuia kwa mbao. Usitumie kiganja.

Sasa difu (gia za kwenye ekseli), jambo ambalo wengi hulikuta wakiwa wamekwisha kufurahi. Series ina uwiano wa 4.70, Discovery ina 3.54. Kwa tairi za 7.50-16 na uwiano wako wa sasa, kwa kilomita 80 kwa saa injini itazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Itapiga kelele, itakula zaidi ya inavyopaswa, ingawa mzigo utapanda vizuri. Kwenye Series fupi ya 88 watu hubadilisha difu za mbele na nyuma kwa za Discovery. Yako ya 109 ina ekseli ya Salisbury nyuma, na difu ile haiingii humo. Unahitaji gia za 3.54 za Salisbury ya Land Rover 110, na mbele ubadilishe pia. Uwiano wa mbele na nyuma ukitofautiana, siku utakayounganisha magurudumu manne kwenye lami utavunja transfa. Ushauri wangu: baki na 4.70 mwaka wa kwanza, tembea kilomita 75 hadi 80. Giaboksi ya Series ilitengenezewa nguvu ya nyutoni-mita 160 hivi, na 200Tdi ya Discovery inatoa 265. Uwiano mfupi unaipunguzia mzigo wakati wa kuondoka. Usiondoke kwa kuachilia klachi ghafla ukiwa na magunia.

Makaratasi yaanze kabla hujapeleka gari barabarani. Namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta vilivyo kwenye logbook (hati ya usajili wa gari) vitakuwa si kweli tena, na mabadiliko hayo hupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, pamoja na ukaguzi wa gari. Weka risiti na makubaliano ya kuuziana yenye namba ya injini na namba ya gari ilikotoka. Mjulishe na mwenye bima kwa maandishi, maana gari lililoandikwa petroli likiungua likiwa na dizeli ni mzozo mrefu.

Safari ya kwanza iwe Njoro hadi Nakuru bila mzigo. Ukirudi, iache injini iungurume dakika mbili kabla ya kuizima ili tabo ipoe, kisha ingia chini na tochi. Kaza maunti, bolti za hausingi na klipu za mabomba ya intakula. Lione lile bomba jembamba linalotoka kwenye tabo kwenda juu ya pampu ya dizeli: likipasuka hata kidogo, pampu haijui kwamba tabo inasukuma hewa, na gari litakosa nguvu bila moshi wowote. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, kata filta kwa msumeno, tandaza karatasi yake juani. Vumbi jeusi ni kawaida. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba ni beringi, na hapo gari lisimame hadi sampu (karai la oili) ifunguliwe.